Gari Lililofunga Msuli

Mohamedali alikusudia kusema misuli.

Ilikuwa jioni ya maulidi katika ukumbi wa jamaat, jumuiya yetu huku Kanada, watu wameketi mbele ya sinia za pilau, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na pazia la katikati limefunuliwa kidogo ili watoto wapite. Alikuwa na habari iliyomwasha tangu mchana, na mtu mwenye habari ya namna hiyo hatafuni vizuri wala hatamki vizuri. Akamwinamia binamu yake, Jalaludin, akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, "Nimenunua gari la msuli."

Alichonunua ni gari la Kimarekani la mwaka sabini, Pontiac, moja ya yale ambayo Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli kwa jinsi yalivyojaa nguvu kifuani: boneti ndefu kama meza ya karamu, injini ya silinda nane, na ngurumo inayotangulia kufika kabla ya mwenye gari. Lakini ile i ilibaki na wali mdomoni, na bila i, kila aliyekulia pwani anajua msuli ni nini. Ni ile nguo anayojifunga mwanamume kiunoni akirudi nyumbani, akishaivua suruali pamoja na adabu za kazini. Marehemu baba yake Mohamedali alikuwa akiiuza, robota kwa robota, katika duka lake pale Tanga.

Neno likavuka pazia mpaka upande wa wanawake. Kisha ikasikika sauti ya mkewe, Bilkis, tulivu kabisa, kama ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Gari la msuli? Na la kanzu litakuja lini?"

Jalaludin alipaliwa na sharubati. Mohamedali akaanza kusahihisha, akieleza tofauti ya nguo na nyama ya mkono, lakini mzaha ukishaelezwa maana yake huwa unaongezewa pumzi. Bilkis alipoona ukumbi wote umekaa kiganjani mwake, akamalizia.

"Mimi nina haya zangu, Baba Kawthar. Gari lililofunga msuli silipandi. Siku likivaa suruali, nitapanda."

Kuna watu ambao neno lao la mzaha hufa pamoja na kicheko chake. Bilkis si mmoja wao. Bidhaa ikishatoka kinywani mwake hairudishwi dukani, hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyeuziwa. Alikwisha sema mbele ya watu, na watu walikwisha cheka, kwa hiyo likawa neno. Na kuanzia jioni ile, kwa miaka yote aliyolimiliki gari lile, Mohamedali alikuwa na haja moja tu: mkewe aketi karibu naye ndani yake, hata mara moja, hata mpaka kwenye kona na kurudi. Kila skrubu aliyoilegeza na kila nati aliyoikaza, aliikaza kwa ajili hiyo.

Ukimwona mchana huwezi kumdhania. Ni mpimaji wa macho, mtu mpole mwenye vidole safi, na chumba chake cha kupimia kiko katika safu ya maduka ya Agincourt, mtaa wetu, katikati ya mikate ya Wachina na kinyozi wa Kitamil. Nusu ya Waswahili wa Scarborough wanaiona theluji kupitia vioo alivyowachagulia yeye. Amekaa gizani na watu asiowajua, uso kwa uso, akibadilisha kioo hiki na kile na kuuliza kwa upole, "Hii, au hii?" Swali hilo limemwingia damuni. Nyumbani huliuliza juu ya chumvi ya mchuzi. Wakati mmoja aliliuliza makaburini, tulipoonyeshwa sehemu mbili za kumzika mzee mmoja wetu, na waliokuwepo wanasema hata marehemu alitaka kujibu.

Mapenzi ya gari yalimwanzia nyuma ya mlango. Katika ghala la duka la baba yake palibandikwa ukurasa wa kalenda ya kigeni, hakuna aliyekumbuka uliletwa na nani. Ulikuwa na picha ya gari la rangi ya kijani cha chupa limesimama mbele ya msitu wa majani mekundu. Baba yake alikuwa akisema ile picha imeharibika, kwa kuwa majani hayawi mekundu. Mtoto alikuwa akitumwa kuleta doti za khanga, akakawia, akaitwa kwa ukali, akarudi na misuli. Majani mekundu aliyakuta mwenyewe, msimu wa kwanza alipofika Kanada, akasimama chini yake barabarani akitamani kumwonyesha mtu ambaye hakuwa tena mahali pa kuonyeshwa. Gari alilisubiri mpaka mvi.

Alilipata kwa mkulima mmoja mzee kaskazini mwa mji, ndani ya banda, limefunikwa na majani makavu na mavi ya kuku. Kwenye kiti cha nyuma walikuwa wakiishi panya. Lilipoletwa Agincourt likiwa juu ya lori, jirani mmoja aliuliza kama ni la kutupwa na akajitolea kusaidia.

Basi tukawa watu wa gereji. Kulikuwa na Kinoti, Mmeru wa mtaa wa pili, dereva wa mabasi ya mji, ambaye baada ya kuendesha wiki nzima alitaka kupumzika kwa kutazama gari lisilokwenda. Kulikuwa na Eustache wa Bukavu, fundi hasa, aliyefanya zamu karibu na uwanja wa ndege, akija kwetu kutoka Rexdale, upande wa pili wa mji, siku zake za mapumziko na sanduku la spana kama daktari anayekwenda kumzalisha mtu. Na mimi nilishika taa na kutoa maoni ambayo hayakuombwa. Lugha yetu ilikuwa moja, ila kila kifaa kilikuwa na majina matatu. Mohamedali alisema ekzosi, Kinoti akalitaja kwa Kiingereza cha Nairobi, Eustache kwa Kifaransa, na wakati tunakubaliana ni bomba la moshi, mafuta yalikuwa yamekwisha kumwagika sakafuni.

Kosa kubwa la Mohamedali lilikuwa mavazi yake. Akitoka kazini alivua suruali, akafunga msuli, akaingia chini ya gari. Hakujua kufanya kazi ya nyumbani akiwa amevaa nguo nyingine. Bilkis alifungua mlango wa kutokea jikoni, akaona miguu miwili na msuli vimetokeza chini ya gari, akasimama kidogo.

"Sasa nikiita msuli," akatuuliza sisi, "aitike nani?"

Na jina likashika. Watoto wa jamaat waliokuwa hawajui hata neno lenyewe maana yake nini wakaliita gari hilo Msuli. Kawthar, binti yao, ambaye husikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, aliwaambia marafiki zake wa chuo kwamba hilo ni jina la kampuni.

Injini ilichukua majira mengi ya joto. Katika majira ya baridi gari halikuguswa, kwa sababu ya chumvi. Mji huu humwaga chumvi barabarani ili watu wasiteleze, na chumvi hula vyuma vya zamani kama mchwa. Nilikuwa nikimtazama Mohamedali akilifunika kwa shuka nyeupe siku ya chumvi ya kwanza, mtu aliyekulia mahali ambapo chumvi ilikuwa hewani, ikila kufuli na bawaba za milango bila mtu kushtuka, leo anaikimbia chumvi kana kwamba imemfuata kwa makusudi. Bilkis alisema gari limekaa eda. Mtu akipita kutaka kuliona kabla ya mvua za mwezi wa nne, alimwambia halijatoka, asubiri, awe na adabu.

Rangi walichagua pamoja, kwa namna yao. Mohamedali alileta vibati viwili mezani, vyote vya kijani, akaviweka mbele ya sahani ya mkewe. Hii, au hii? Bilkis hata hakuinua kichwa. Alionyesha kile cha pili kwa kijiko. Kilikuwa kijani cha chupa, kile kile cha kalenda. Mohamedali alitusimulia jambo hilo kama mtu aliyeposa akakubaliwa. Tukamkumbusha kwamba kuchagua rangi si kupanda.

Jalaludin, ambaye hakuwahi kuacha mzaha wa zamani ufe kwa njaa, alikwenda Tanga kwa harusi akarudi na robota zima la vitambaa vya msuli, vyeupe vyenye mistari ya zambarau na kijani pembeni. Aliutua mzigo ule gerejini mbele yetu akitegemea mwenye gari aone aibu. Mohamedali alikishika kitambaa, akakipitisha kati ya vidole kama alivyofundishwa utotoni kupima uzito wa uzi, akasema ni kizuri. Wiki chache baadaye viti vyote vya Pontiac vilikuwa vimevikwa msuli. Aliyevishona ni Dative, mke wa Eustache, Mrundi mwenye cherehani isiyolala, na mshono wake ulikuwa umenyooka kuliko barabara yoyote ya Scarborough.

Bilkis alikuja kutazama. Alichungulia kupitia dirishani, akaupapasa mshono, akamsifu Dative kwa jina. Mohamedali alikuwa amekwisha fungua mlango wa abiria na kusimama kando yake kama bawabu wa hoteli.

"Mashallah," Bilkis akasema. "Sasa hata kwa ndani limefunga." Akarudi kwenye mchuzi wake.

Hapo ndipo Mohamedali alipobadilisha mbinu. Alifikiri labda mkewe anatafuta sababu tu ya kukubali, na sababu ni kitu ambacho fundi anaweza kukitengeneza. Bilkis aliwahi kulalamika mgongo, kwa hiyo kiti cha abiria kikaongezwa mto. Bilkis ni mfupi, kwa hiyo pakawekwa kikanyagio. Pakawekwa kifaa cha kupasha kiti joto, mikanda mipya ya kujifungia, kishikio cha chupa ya chai, na kipazia kidogo cha kuzuia jua upande wake. Gari lililobuniwa ili vijana washindane mbio na kuunguza mipira likaanza kunukia udi. Eustache alivumilia mpaka siku alipoombwa kufunga kijisanduku cha tishu.

"Mzee Ali," akasema, akiweka spana chini, "tunatengeneza gari ao tunatengeneza salon?"

Kinoti alisema, kama ni sebule, yeye angeshauri waongeze zulia na televisheni, halafu mama akiona hawatatoka, atakuja mwenyewe kuwafukuza, na hapo ndipo atakapokuwa amepanda.

Kila Jumapili asubuhi ya kiangazi Mohamedali alilitoa. Alikwenda peke yake, kwa msuli wake na sweta, kupitia Kingston Road mpaka alipoona inatosha, akarudi kwa barabara ya Midland. Wakati mwingine alimchukua mmoja wetu. Nilipanda mara kadhaa. Nakumbuka mikono yake juu ya usukani, miepesi, ya mtu anayeshika miwani ya mteja, na mngurumo uliokuwa ukipanda kutoka miguuni mpaka kwenye meno. Kwenye taa nyekundu watu weupe wa rika lake waliinua kidole gumba, na yeye akawainulia chake, na kwa muda ule mfupi hapakuwa na mtu wa kumwuliza anatoka wapi, kwani kila mtu alitaka kujua gari linatoka wapi. Ila mkono wake wa kulia ulikuwa na tabia. Kila tulipokata kona aliunyoosha kidogo mbele ya kiti cha abiria, kama mtu anayemzuia mwingine asiyumbe. Mara ya kwanza nilidhani ananizuia mimi.

Akirudi, Bilkis hakutoka hata dirishani. Lakini chai ilikuwa mezani, ya moto, povu halijatulia, harufu ya iliki imejaa mpaka gerejini. Mohamedali aliinywa siku zote hizo bila kujiuliza lolote. Aliamini chai huwa ya moto kwa asili yake.

Kisha magoti yakaanza kuwauma. Nyumba ya Agincourt ina ngazi za kwenda juu na ngazi za kwenda chini, na Kawthar, ambaye sasa anaishi Brampton, mji wa jirani, na ana mtoto mchanga, aliwashawishi wahamie kwenye fleti karibu naye. Ilikuwa fleti nzuri, ghorofa ya sita, lifti haisimami ovyo. Egesho lake liko chini ya ardhi, na nafasi yao ni moja tu, inayotosha kile kigari chao cha kila siku. Mohamedali alikubali upesi kuliko tulivyotazamia. Alisema gari si mtoto. Alilisema mara nyingi.

Mnunuzi alipatikana hukohuko Brampton, kijana aitwaye Murad, anayefanya kazi katika maghala ya mizigo. Alikuja, akafungua boneti, akaikagua injini yote, kisha akauliza kwa heshima ule mstari wa zambarau kwenye viti ni wa kabila gani. Mohamedali alimpenda papo hapo. Wakapeana mikono: atalichukua Jumamosi ya kuhama, mchana, baada ya sala.

Zikabaki wiki mbili. Kawthar alimwambia mama yake, kwa Kiingereza kifupi kama watoto wa huku wasemavyo na wazazi, akae tu ndani mara moja, jambo lenyewe si kubwa. Bilkis alimjibu kwa Kiswahili kirefu, kwamba kama jambo si kubwa, mbona linaletewa wajumbe?

Mohamedali alikuwa amejaribu mto, joto, pazia na tishu. Kilibaki kitu kimoja ambacho hakuwahi kukigusa. Alimwendea Eustache Rexdale akamwambia anataka gari linyamaze. Anataka ekzosi mpya ya kimyakimya, kama ya magari ya benki.

Eustache alikataa kwanza. "Mzee, hii gari iko na sauti. Mutu hakate ulimi wa gari yake juu ya bibi yake."

"Si ulimi," Mohamedali akasema. "Ni wiki mbili."

Likafanywa. Eustache alifanya kazi ile bila redio na bila mzaha, na yale mabomba ya zamani hakuyatupa. Aliyafunga kwa blanketi akayasukuma chini ya meza yake ya kazi.

Mohamedali akarudi nyumbani kwa Pontiac lililonong'ona. Alipita Midland hakuna mtu aliyegeuka. Aliliingiza uani, akazima, akaingia jikoni akitabasamu. Tulisikia sehemu ya mazungumzo yale kwa sababu mlango ulikuwa wazi, na sehemu nyingine tulisimuliwa, kila upande kwa manufaa yake.

Bilkis alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, meza tupu. Alipomwona mlangoni alishtuka.

"Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Umeingia kama mwizi."

"Nimelifunga mdomo, Mama Kawthar. Kwa ajili yako. Kelele zimekwisha."

"Mimi nilikwambia kelele zinanisumbua? Lini?"

Mohamedali akafikiri. Alirudi nyuma mwaka hadi mwaka mpaka kwenye sinia ya pilau, hakukuta. Akauliza chai iko wapi.

"Chai ya nani?" Bilkis akasema. "Nitajuaje kama unakuja?"

Ndipo ikajulikana. Miaka yote ile, Jumapili zote zile, alikuwa akisikiliza. Pontiac likifika kwenye kona ya Midland lilikuwa likipunguza mwendo, likakohoa mara mbili, kisha likavuta pumzi na kupanda mtaa wetu. Akisikia kikohozi hicho, Bilkis anabandika chai. Toka kona ile mpaka uani ndiyo muda wa maziwa kupanda. Alijua siku gari lina afya na siku lina mafua. Alijua Mohamedali amefurahi au ana mawazo, kwa jinsi alivyobadilisha gia. Likichelewa alisimama karibu na jiko akijifanya anapanga vijiko.

"Nikilisikia pale kona," alisema, "najua uko mzima. Sasa umelinyamazisha, nikae nimejua nini?"

Mohamedali alivuta kiti akaketi. Alimwuliza taratibu, kama anavyowauliza wale wanaoogopa kusoma mstari wa mwisho, kwa nini basi hakupanda.

"Limevaa suruali?"

"Bilkis."

"Nilisema mbele ya watu, Baba Kawthar. Halafu nikipanda, nani atabandika chai?"

Mohamedali akarudisha kiti mahali pake. Jioni ile alikunywa maji.

Siku iliyofuata Eustache alipigiwa simu. Hakuuliza lolote. Alifika na yale mabomba ndani ya blanketi, akayarudisha mahali pake, na gari lilipowaka vikombe vililia kabatini. Bilkis akapiga kelele kutoka jikoni kwamba tunamvunjia vyombo, na hapo tukajua amani imerudi. Kuhusu kupanda hakusema neno, na Mohamedali, kwa mara ya kwanza, hakuuliza. Nilimwona akiliosha siku mbili mfululizo. Alikausha kiti cha abiria kwa kitambaa laini ingawa hakikuwa na maji.

Jumamosi ikafika, baridi kidogo, hapa hakuna mipapai, lakini miti ya mtaa wetu ilikuwa imewaka nyekundu yote. Mabunda ya nguo yalikuwa yamekwisha tangulia Brampton na Kawthar. Mohamedali alitaka kumkabidhi Murad gari akiwa amevaa kwa heshima, na alikuwa amejiachia suruali moja, ya kijivu, ile ya kliniki, na shati. Shati lilikuwepo. Suruali haikuwepo. Alitafuta bafuni, alitafuta juu ya boksi na ndani ya boksi, akamwita mkewe, hakuitikiwa. Mwishowe akatokea gerejini kama alivyo, shati jeupe lenye vifungo vyote, sweta, na msuli.

Sisi tulikuwa tumekwisha fika kusaidia kubeba, tukawa tumesimama kando ya mlango wa gereji tumeshika midomo. Mlango wa abiria wa Pontiac ulikuwa wazi. Kiti cha abiria kilikuwa kimevaa suruali ya kijivu. Kiuno kimevishwa mgongo wa kiti, mkanda umefungwa, zipu imepandishwa, na miguu miwili inaning'inia mpaka kwenye kile kikanyagio, imepigwa pasi, mkunjo wake unaweza kukata nyanya. Bilkis alisimama karibu nacho, amevaa buibui lake la kutokea na mkoba begani.

"Limevaa," akasema. "Washa."

Mohamedali aliitazama suruali yake, kisha akajitazama yeye. "Na mimi niende hivi?"

"Kwani miaka yote ulikwenda vipi?"

Bilkis akaingia, akajifunga mkanda, akaweka mkoba juu ya magoti. Kiti cha kulia, ambacho kwetu nyumbani ndicho cha dereva. Na kwa jinsi alivyoanza kuonyesha kwa kidole kabla gari halijatoka hata uani, hakuwa amesahau. Mohamedali alizunguka boneti ndefu ile kwa hatua za mtu anayebeba kitu kilichojaa mpaka juu. Aliwasha. Kona ya kwanza tuliyoiona wakikata, mkono wake wa kulia ulinyooka mbele ya kiti, na safari hii palikuwa na mtu wa kuzuiwa.

Murad alifika baada ya sala, amekuja na kaka yake wa kumrudishia gari walilojia. Akatazama gereji tupu, akatutazama sisi. Kinoti akamweleza hali ilivyo.

"Mzee ametoka na gari yako," akamwambia. "Na suruali hana, imevaliwa na kiti. Lakini atarudi, ni mtu wa dini."

Tukangoja. Nyumba nyuma yetu ilikuwa na ule mwangwi wa nyumba zinazoachwa, ambapo hata kukohoa kwako kunakurudia kama swali. Jikoni palibaki jiko lenyewe, sufuria moja, na vikombe ambavyo Bilkis alikuwa ameviacha nje ya maboksi, kwa wingi kuliko walivyohitaji watu wawili. Pembeni yake palikuwa na majani ya chai, maziwa, na iliki iliyokwisha pondwa. Niliviona nilipoingia kunywa maji, nikadhani amesahau.

Kisha tukalisikia. Lilipunguza mwendo kwenye kona ya Midland, likakohoa mara mbili, likavuta pumzi. Hakuna aliyeniambia. Nilijikuta niko jikoni, nimewasha jiko, nimebandika chai.

Maziwa yalikuwa yameanza kutetema lilipofika mbele ya nyumba, nikakimbilia mlangoni nione. Gari lilikuwa karibu limesimama. Murad alikwisha piga hatua mbele. Bilkis ameketi wima kama bibi harusi anayejua anatazamwa, na Mohamedali amemgeuzia uso, midomo inasogea. Sikuhitaji kusikia. Ameniuliza mimi vilevile mara nyingi, gizani, katika chumba chake. Hii, yaani uani, au hii, yaani barabara iliyo mbele?

Bilkis alinyoosha kidole mbele.

Pontiac likatupita polepole, kijani chini ya majani mekundu, likapandisha sauti, likaenda. Murad akabaki na mkono aliokuwa ameuinua kupunga. Kinoti alimvutia kiti kimoja kati ya vilivyokuwa vinangoja lori.

Nikarudi jikoni, nikapunguza moto.